Kuuza Nyumba Bila Dalali



Atembeaye katika mitaa ya Morogoro, ama ya mji mwingine wowote wa nchi yetu, hakosi kuona ukuta ulioandikwa kwa rangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni aweza kushangaa, maana nyumba nyingi haziuzwi wala hazihitaji tangazo. Lakini mwenyeji ajua sababu. Yupo mtoto wa marehemu aliyetaka kuiuza nyumba bila ndugu zake kujua. Yupo mume aliyekwisha kupokea malipo ya kwanza hali mkewe yu jikoni hana habari. Yupo tapeli aliyewazungusha watu watatu katika nyumba isiyo yake, akachukua fedha za wote watatu. Maandishi hayo machache yatuonyesha kwamba biashara ya nyumba imezungukwa na uongo mwingi.

Uongo huo unapotajwa, lawama humwangukia dalali. Ndiyo maana siku hizi wengi husema, "Mimi nitauza mwenyewe. Sitaki dalali." Nasikia hivyo hasa kwa wastaafu wenzangu, ambao nyumba ndiyo mali yao pekee. Nia hiyo si mbaya. Lakini napenda tulifikiri swali moja pamoja: mtu akimwondoa dalali, je, ameuondoa na uongo? Au ameichukua kazi ya dalali, pamoja na uongo wake, na kuiweka kinywani mwake mwenyewe?

Kwanza yatupasa tumtendee dalali haki. Kazi yake ni tatu. Humtafuta mnunuzi. Hujua bei za mahali. Na tena huyasema maneno ambayo mwenye nyumba huona haya kuyasema. Kwa kazi hizo hulipwa fungu la mapatano, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10 ya bei. Hapo hakuna dhambi. Mtenda kazi astahili ujira. Ubaya huja kwa kile kiitwacho "cha juu". Wewe wataka milioni 40, yeye amwambia mnunuzi milioni 46, na zile sita zapita katikati bila ninyi wawili kujua. Mtu aliyetendewa hivyo mara moja hana hamu tena na dalali.

Hata hivyo, wapo wauzaji wanaomwonea dalali. Dalali amleta mnunuzi, amzungusha juani wiki nzima, kisha muuzaji na mnunuzi wapatana usiku kwa simu ili wasimlipe. Kesho yake muuzaji ajisifu kwamba ameuza bila dalali. Sivyo. Ameuza kwa dalali, akamnyima mshahara wake. Asiyemtaka dalali na amkatae tangu mwanzo, kabla hajavaa viatu vyake.

Sasa tuseme umemkataa mapema na kwa uwazi. Kazi zake mbili za kwanza hazikushindi. Mnunuzi waweza kumpata kwa majirani, kwa wenzako wa kazini, kwa ndugu wa mtaani na kanisani, au kwa kibao chenye namba ya simu. Bei waweza kuijua kwa kuuliza nyumba za jirani ziliuzwaje, na kwa uhakika zaidi kwa kumwita mthamini aliyesajiliwa. Tunayo sheria ya wathamini tangu mwaka 2016. Kazi ya tatu, yaani maneno, ndiyo nzito. Tulipokuwa na dalali tuliweza kusema, "Hayo aliyasema dalali, si mimi." Alikuwa pazia letu. Pazia likiondoka, mnunuzi akutazama usoni, nawe wajibu kwa ulimi wako.

Hebu tuchukue habari ya mwalimu mwenzangu mmoja, mstaafu kama mimi. Nyumba yake ilikuwa chini ya mlima, mahali ambapo maji ya masika hushuka kwa nguvu kutoka Uluguru. Kwa miezi mingi ya mwaka ilikuwa nyumba njema yenye upepo mzuri. Lakini mvua kubwa za mwezi wa nne zilipokuja, maji yalipenya chini ya ukuta wa nyuma yakaingia katika chumba cha watoto. Kila mwezi wa sita alipaka rangi, na alama ya maji ikatoweka. Aliamua kuiuza kwa sababu mkewe alikuwa akipelekwa Muhimbili mara kwa mara, na kiinua mgongo kilikuwa kimekwisha. Mwezi wa nane walikuja kijana na mkewe wenye mtoto mchanga. Waliuliza habari za umeme, za bomba, za majirani. Ardhi ilikuwa kavu, ukuta ulikuwa mweupe. Hawakuuliza lolote juu ya masika.

Jioni ile alinijia akaniuliza, "Mwalimu, hawakuuliza. Je, nina lazima ya kusema?"

Ndugu, swali hilo si dogo, wala si la kujibiwa kwa haraka. Yule mzee hakutaka kudanganya. Kama wangaliuliza angaliwajibu kweli. Alitaka kujua tu kama kunyamaza nako ni kudanganya.

Tukiiuliza sheria, yatujibu nusu. Sheria yetu ya Mikataba, iliyotungwa mwaka 1961 kwa mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872, husema kwamba kuficha jambo kwa makusudi ni ulaghai. Lakini kunyamaza tu, kwa kawaida, si ulaghai, isipokuwa pale ambapo mtu ana wajibu wa kusema. Basi mtu aliyepaka rangi ili kuifunika alama ya maji yu hatarini. Bali yule ambaye hakupaka rangi, akanyamaza tu, huenda mahakama isimguse. Sheria imeacha nafasi hapo, na katika nafasi hiyo ndipo dhamiri hufanya kazi.

Swali lenyewe ni la kale. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasheria na mwanasiasa wa Roma, alimwandikia mwanawe aliyekuwa masomoni Athene kitabu juu ya wajibu wa mtu. Humo alitoa mfano ambao mtu wa Morogoro aweza kudhani umetoka mtaani kwake. Mtu mwema auza nyumba. Yeye peke yake ajua kwamba nyumba ile huleta maradhi, kwamba nyoka huonekana vyumbani, na kwamba mbao zake ni mbovu. Hamwambii mnunuzi. Je, ametenda haki?

Cicero aeleza kwamba wanafalsafa wawili, mwalimu na mwanafunzi wake, walishindana juu ya mambo ya namna hii. Mwalimu, Diogenes wa Babeli, aliona hakuna kosa. Muuzaji hakumlazimisha mtu kununua, wala hakuisifu nyumba; mnunuzi ana macho, atazame. Tena ni upumbavu gani kumtuma mnadi apige kelele sokoni kwamba anauza nyumba yenye maradhi? Mwanafunzi wake, Antipater, mtu wa Tarso, mji ule ule alikozaliwa Mtakatifu Paulo, alikataa. Alisema kumwacha mtu aanguke katika hasara kwa kutojua, nawe wajua, ni vibaya kuliko kumwona aliyepotea njia usimwonyeshe. Cicero mwenyewe aliamua pamoja na huyu wa Tarso. Alisema kwamba si kila kunyamaza ni kuficha. Kuficha ni pale unaponyamaza kwa faida yako juu ya jambo ambalo huyu mwenzako angetaka kulijua.

Katika kitabu hicho Cicero aeleza pia kesi iliyotokea kweli. Makuhani wa Kirumi waliokuwa wakitazama ndege angani walimwamuru mtu mmoja abomoe sehemu ya nyumba yake, kwa kuwa ilikuwa ndefu ikawazuia kuona. Yeye hakubomoa, aliiuza upesi, akanyamaza juu ya amri ile. Mnunuzi naye akaamriwa abomoe. Alipogundua kwamba muuzaji alikwisha kujua, alimshitaki, na mwamuzi, Marcus Cato, akatoa hukumu kwamba aliyejua asiseme ailipe hasara.

Nani kwetu asiyelielewa jambo hilo? Maafisa hupita, na nyumba iliyo ndani ya eneo la barabara au karibu mno na mto huwekwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, na katika mji wetu ulio chini ya vijito vya Uluguru wapo wengi ambao sheria hiyo yawahusu. Mwenye nyumba aweza kununua kopo la chokaa, akapaka juu ya X, akauza kwa mtu wa mbali. Chokaa hubei haba, nayo yaweza kumletea mamilioni. Lakini siku tingatinga litakapokuja, litamkuta nani ndani?

Basi kipimo chepesi ni hiki. Mnunuzi akilala katika nyumba hii mwaka mmoja, atagundua nini ambacho mimi najua leo? Hayo ndiyo ya kumwambia, hata asipouliza: maji ya masika, ufa uliofunikwa, mpaka wenye ugomvi, deni la benki lililowekewa hati, kesi iliyoko barazani, alama ya maafisa. Yeye amekuja kwa saa moja, wewe umekaa miaka 30. Ndiyo maana wajibu wa kusema umekuangukia wewe.

Hata hivyo, sisemi kwamba muuzaji aeleze kila kitu. Ipo tofauti kati ya kasoro ya nyumba na shida ya mwenye nyumba. Mwalimu mwenzangu hakuwa na wajibu wa kueleza maradhi ya mkewe. Mnunuzi akisikia kwamba pana ugonjwa au deni, mara nyingi hujua muuzaji hana muda wa kungoja, na hapo hukata bei bila huruma. Akiulizwa, "Mbona mnauza?" yatosha kujibu, "Tuna haja ya fedha." Jibu hilo ni kweli, na yaliyobaki ni siri ya nyumbani kwake. Nyumba huenda kwa mnunuzi pamoja na kasoro zake, kwa hiyo kasoro hizo ni haki yake kuzijua. Shida zako huenda nazo wewe.

Na hapa mnunuzi naye ana fungu lake. Sura ya 25 ya Mambo ya Walawi, inaponena juu ya mauzo ya ardhi, yawakataza pande zote mbili kupunjana, yule anayeuza na yule anayenunua. Mtu anayemkuta mjane mwenye haraka akamtajia nusu ya bei, akijua atakubali kwa machozi, asijisifu kwamba hakusema uongo. Naye amenyamaza juu ya jambo analolijua, yaani thamani ya nyumba.

Lipo jambo jingine ambalo muuzaji asiye na dalali hulisahau: kama ana haki ya kuuza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, humkataza mume au mke kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hukumbusha kwamba ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Tulicho nacho ni haki ya kuitumia. Wenyeji wa milima ya Uluguru walilijua neno hilo kabla ya sheria kuandikwa. Kwa desturi ya Waluguru ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Mgeni aliyepewa mahali pa kulima alitoa ngoto, malipo madogo ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Mtu aliyejenga juu ya ardhi ya ukoo wa mkewe, au wa mama yake, ameweka matofali yake mwenyewe, lakini yaliyo chini ya matofali si yake peke yake. Akimwuzia mtu wa Dar es Salaam kwa siri, anauza ugomvi pamoja na nyumba. Huko vijijini Halmashauri ya Kijiji nayo ina neno.

Ndiyo maana nasema kuuza bila dalali si kuuza bila watu. Ibrahimu aliponunua shamba la Makpela, yeye na Efroni walipatana bei wao kwa wao. Lakini walisema langoni pa mji, wenyeji wote wakisikia. Fedha shekeli 400 zilipimwa mbele yao, na lilitajwa shamba, pango, hata miti iliyokuwa mipakani. Yeremia naye, aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, aliandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi, na hati ikatiwa katika chombo cha udongo ikae siku nyingi. Mji ulikuwa umezungukwa na jeshi la Babeli; hatari ya kununua shamba wakati ule ilijulikana kwa wote wawili. Hakuna aliyefichwa kitu.

Langoni petu leo ni ofisi ya mtaa, kwa wakili, na kwa Msajili wa Hati. Mnunuzi na aruhusiwe, tena ahimizwe, kwenda kuulizia hati katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa shilingi moja. Mke awepo, watoto wakubwa wawepo, majirani wa mipaka yote waonyeshe mipaka. Fedha zipite benki. Dalali mwaminifu angeliyafanya hayo. Sasa yakupasa wewe kuyafanya.

Na bei iwe moja. Wapo wanaoandika mkataba kwa bei ndogo ili kupunguza kodi, kisha nyingine yote wapeana mkononi. Huitwa werevu. Lakini Anania na Safira nao waliuza kiwanja chao wenyewe, bila dalali, wala bei waliyopata haikuwa kosa. Fedha zilikuwa zao. Kosa lao lilikuwa kutaja bei nyingine. Tena upo ubaya wa kawaida kabisa katika karatasi ya namna hiyo: ugomvi ukitokea, mnunuzi hawezi kudai zaidi ya kilichoandikwa, na muuzaji vilevile. Wamefungwa na uongo wao wote wawili.

Sasa nirudi kwa mwalimu mwenzangu, maana najua mtauliza alifanyaje. Aliwaita wale vijana kesho yake, akawapeleka chumba cha nyuma, akawaonyesha kwa kidole mahali ambapo maji hufika. Walimshukuru, wakaondoka, wasirudi. Baada ya miezi minne aliuza kwa fundi mmoja aliyesema aweza kuchimba mfereji na kujenga ukuta wa mawe. Fundi alipunguza milioni sita kwa ajili ya kazi hiyo. Milioni sita hizo hazikurudi kwa njia nyingine yoyote. Safari za Muhimbili ziliendelea kwa mkopo. Sitaki kuwadanganya, ndugu, kwamba kila asemaye kweli hulipwa mara mbili hapa duniani. Wapo watakaosema alikuwa mjinga, na mkewe mgonjwa alikuwa na haki ya kuzihitaji fedha zile.

Nimelifikiri sana neno hilo. Lakini milioni sita zile zilikuwa mali ya nani? Nyumba isiyoingia maji ilikuwa na thamani moja, na nyumba iingiayo maji ilikuwa na thamani nyingine. Yeye alikuwa na hii ya pili. Tofauti yake haikuwa yake kamwe. Kama angaliipokea, angaliitoa katika mfuko wa kijana mwenye mtoto mchanga, ambaye masika yangemkuta usiku akiinua godoro. Hakupoteza mali yake. Alikataa kuchukua ya mwenzake, wakati ambapo alikuwa na haja nayo kweli. Mkewe, aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kunung'unika, ndiye aliyemwambia aende akaseme.

Kwa hiyo mwenye nia ya kuuza nyumba yake mwenyewe, kabla hajaandika namba ya simu ukutani, naomba aketi na mwenzake wa nyumbani na karatasi mbili. Katika ya kwanza waandike mema ya nyumba: uimara, vyumba, kisima, miembe, umbali wa kituo cha basi. Katika ya pili waandike yale wanayoyajua wao ambayo mgeni hawezi kuyaona kwa saa moja. Mnunuzi akija, asomewe zote mbili. Bei itakayopatikana baada ya hapo, iwe kubwa au ndogo, wataweza kuila bila kuogopa mvua.